Jina Lililokaa Bure

Fomu ya kuomba nafasi chuoni ilikuwa na kurasa sita na maswali arobaini na moja, na ilitakiwa nakala nne. Karatasi za kaboni hazikuwepo Kariakoo nzima mwaka ule wa sabini na nane, kama ambavyo sabuni haikuwepo, wala dawa ya meno, wala betri za redio. Kupiga chapa kulikatazwa. Kifungu cha kwanza kilisema fomu ijazwe kwa mwandiko wa mwombaji mwenyewe. Nikaijaza mara nne kwa mkono. Nilipomaliza nakala ya nne nilikuwa nakijua kijiji alichozaliwa babu yangu kuliko alivyokijua yeye.

Naitwa Candida Anselmi. Baba ni Mchaga wa Kibosho aliyeteremka Dar es Salaam zamani, akafungua duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu, na siku zote aliamini kwamba mji huu ni mahali pa kupita tu. Mimi nilizaliwa humu humu. Kwa miaka minne nilikuwa karani mpiga chapa katika shirika moja la umma karibu na Posta, nikipiga barua za wakubwa zinazoeleza kwa nini jambo fulani halikufanyika. Nilichoka. Nilitaka kuwa fundi wa maabara, nivae koti jeupe, niinamie hadubini, nione kitu ambacho kipo kweli.

Nilishaomba mara mbili. Mwaka wa kwanza fomu yangu ilipotea. Mwaka wa pili ikapatikana ile ya mwaka wa kwanza, ikakataliwa kwa kuwa imechelewa. Na sasa kifungu cha tatu kilisema mwombaji asizidi miaka ishirini na minne, nami mwezi wa Septemba nilikuwa natimiza ishirini na tano. Baba aliliona hilo kabla yangu.

"Ukikosa mara hii, mama, njoo kaunta," alisema. "Kaunta haiulizi umri."

Nilijua anasema kwa mapenzi, na ndiyo maana nikazidi kuogopa.

Swali la kumi na sita lilitaka barua ya balozi wa nyumba kumi. Hapo sikuwa na wasiwasi. Balozi wetu alikuwa Bi Mwanamkuu binti Fikirini, mwenye nyumba tuliyopanga Mtaa wa Narung'ombe, mtu wa pwani tangu mababu, mama mnene wa heshima zake. Alijua nani amepokea mgeni kutoka Tanga na mgeni huyo amelala siku ngapi. Yote aliyaandika katika daftari lenye jalada jeusi, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kalamu isiyosita. Alisoma madrasa ya baba yake mpaka akahitimu. Lakini Serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, ilikuwa na maana ya herufi zile nyingine, na kwa hesabu hiyo Bi Mwanamkuu hakujua kitu.

Hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Barua za ubalozi niliandika mimi: yeye anasema, mimi naandika, yeye anatia sahihi aliyojifunza kuichora. Na kisomo cha watu wazima kilichofanyika barazani kwake kila jioni saa kumi na moja, mwalimu wa kujitolea nilikuwa mimi. Bi Mwanamkuu alikaa nyuma kabisa na ungo wake akichambua mchele. Alisema anasimamia. Katika daftari la wanafunzi hakuwemo. Atakuwemo vipi, na bango la kufuta ujinga limebandikwa mlangoni kwake?

Siku ya kwanza ya darasa lile niliandika mfano ubaoni kwa herufi kubwa: Mimi ni Candida Anselmi. Wanafunzi wote wakanakili vilevile, hata Mzee Kasmir muuza mkaa, nikapata kazi ya kuwaeleza mmoja mmoja kwamba kila mtu aweke jina lake. Tulicheka sana siku hiyo.

Basi barua yangu ya kwenda chuoni tuliiandika kama kawaida. Bi Mwanamkuu alisema, nami nikaandika sifa zangu mwenyewe huku uso ukiniwaka: kwamba nina adabu, sifanyi magendo, sigombani kwenye foleni, na ninafundisha wazee bila malipo. Alitaka niongeze kwamba napika vizuri. Nikamwambia chuo hakijauliza.

Baada ya hapo nilianza kutafuta mihuri. Ofisi ya tawi la chama, foleni ilipangwa kwa mawe; unaweka jiwe lako alfajiri, unaenda kazini, unarudi saa nne kulikuta jiwe limesogezwa nyuma na jiwe la mtu mwenye shemeji ndani. Siku ya tatu jiwe langu lilifika dirishani. Nikaambiwa mhuri uko kwenye droo, ufunguo uko mfukoni mwa katibu, na katibu yuko Morogoro kwenye semina ya kupunguza urasimu. Atarudi Jumatatu. Jumatatu alirudi na malaria.

Kwenye kata nilipelekwa na swali la kumi na saba: hali ya kisomo ya mwombaji. Nikatoa cheti changu cha kidato cha nne. Karani wa kata akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Hicho ni cha elimu, dada. Hapa wanauliza kisomo."

Akafungua daftari kubwa la matokeo ya mtihani wa kisomo wa mwaka uliopita, akateremsha kidole, kidole kikasimama. Akaniangalia kwa huruma. Akaandika kitu, akatia ndani ya bahasha, akaibandika kwa gundi na kuipiga mhuri juu ya gundi ili nisichungulie.

"Usikate tamaa," aliniambia. Nilidhani anazungumzia foleni.

Mtihani wenyewe wa kuingia chuoni waliuita wa kupanga madaraja. Ukipata daraja A unaingia chuoni moja kwa moja. Ukipata B unakaa miezi sita darasa la kujazia. Ukipata C unajaribu mwakani, na mimi mwakani sikuwa nayo. Tulikuwa watu mia tatu katika ukumbi wenye viti tisini. Tuliochelewa kupata kiti tuliandikia magotini. Karatasi za maswali zilikwisha kabla ya safu ya nne, msimamizi akaanza kuyaandika ubaoni, na chaki nayo ikakatikia kwenye swali la sita la hesabu, tukaambiwa swali la sita tulikisie. Katika siasa niliulizwa nieleze hatua za kuandaa shamba la kijiji cha ujamaa. Mimi, mzaliwa wa Kariakoo, niliyekuwa naiona mihogo ikiwa imeshachomwa. Nililima kurasa mbili. Nadhani hata nilivuna.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Nilikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja karibu nikimbie. Daraja A, simo. B, simo. Nikasoma C polepole, na humo nako simo. Chini kabisa, peke yake, kwa wino mwekundu: Candida Anselmi, aonane na ofisi.

Ofisi ilikuwa ya Ndugu Ignasi, karani mkuu wa usajili, suti ya Kaunda ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, ambazo katika ziara zangu zote sikuwahi kuona hata moja ikiandika. Aliweka mbele yangu karatasi tatu, moja moja, kama mtu anayecheza karata.

"Hii ni ya kata. Inasema Candida Anselmi, Mtaa wa Narung'ombe, mtihani wa kisomo amepata hatua ya pili. Unajua hatua ya pili ni nini?"

"Najua. Ni mtu ambaye bado hajafuzu kusoma. Mimi ndiye ninayewafundisha."

"Hii ya pili ni mtihani wetu. Umepata alama themanini na tisa, za pili kwa ukubwa. Sasa ndugu, mtu wa hatua ya pili hapati themanini na tisa. Kuna mtu amekufanyia." Akaiweka ya tatu. "Na hii ni barua ya balozi wako. Tazama mwandiko. Tazama hata anavyoikata t. Ni mwandiko mmoja na wa mtihani. Balozi wako ndiye aliyekufanyia mtihani."

Nikisema barua niliiandika mimi, nimejisifu mwenyewe na kughushi barua ya uongozi. Nikisema aliiandika yeye, basi kweli amenifanyia mtihani. Nikamwambia nilikaa ukumbini mimi mwenyewe, msimamizi aliikagua picha yangu. Ndugu Ignasi akaifungua fomu, akaitazama picha.

"Maagizo yalisema masikio yote mawili yaonekane. Hapa kuna sikio moja. Sikio moja linaweza kuwa la mtu yeyote."

Akanipa mpaka Jumatatu saa sita nimlete balozi. Nisipomleta, jina langu lipelekwe kunakohusika, na nafasi apewe mwingine.

Nilirudi Narung'ombe nimeshika viatu mkononi kwa hasira. Sikumbuki nilivivulia nini. Bi Mwanamkuu alikuwa barazani na ungo wake. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikamweleza. Nilipofika kwenye hatua ya pili mkono wake ukasimama ndani ya mchele.

"Siku ya mtihani wewe hukuwepo," alisema mwishowe. "Walisema mwalimu asiwasimamie watu wake, wakaleta wageni kutoka kata. Mimi nikasema moyoni, ngoja leo nijijue. Nikachukua karatasi. Juu pameandikwa jina. Sasa niandike langu, kata nzima isome kwamba balozi kafanya mtihani wa wajinga? Nikaandika lile la ubaoni. Ndilo nililolinakili mara nyingi."

"Uliandika jina langu, bibi."

"Lilikuwa limekaa bure, mwanangu. Wewe umeshasoma, la kazi gani kwako kwenye kisomo? Nikaona si vibaya kuliazima."

"Halafu ukafeli."

"Kugawanya kuliniangusha," alisema, na sauti ikamshuka.

Ningekuwa mtu mwema ningecheka. Sikucheka. Mwanamke huyu aliniogesha nilipougua surua, mama yangu akiwa safarini Kibosho, na mbele ya wapangaji wawili nilimwambia kwamba ameuficha ujinga wake chini ya jina langu. Aliinuka na ungo akaingia ndani, na mwisho wa juma ule hakukuwa na mtu wa kusimamia darasa. Nilijuta tangu Jumamosi asubuhi, lakini hasira ilikuwa haijaniisha na sikwenda kumgongea mlango.

Jumatatu saa tatu nilitoka kwenda kupambana peke yangu. Nilimkuta kibarazani amevaa buibui jipya, mkobani ana daftari lake jeusi.

"Twende," alisema. "Utachelewa, halafu useme nimekuchelewesha mimi."

Tulitembea mpaka chuoni. Ndugu Ignasi alimpa kiti, akamwekea karatasi na akamwazima, kwa shida, moja ya zile kalamu. Foleni ya waombaji ilikuwa imejaa dirishani, na watu wa foleni hawana kazi nyingine ila kusikiliza.

"Mama, wewe ni balozi wa nyumba kumi?"

"Ndiyo mimi."

"Basi andika hapa maelezo yako, tulinganishe mwandiko."

Bi Mwanamkuu aliinama akaandika. Kalamu ilianzia kulia ikaenda kushoto, haraka, nzuri, bila kuinuliwa, mstari baada ya mstari mpaka ukurasa ukajaa. Akatia nukta ya mwisho, akaigeuza karatasi kwa Ndugu Ignasi.

"Hii ni nini, mama?"

"Maelezo. Soma."

"Hii siwezi kuisoma."

"Huwezi kusoma," alirudia Bi Mwanamkuu, kwa upole, kama daktari. "Pole, mwanangu. Wewe walikuweka hatua ya ngapi?"

Dirishani waliangua kicheko. Ndugu Ignasi akapaaza sauti kumwita tarishi awafukuze. Tarishi alikuwa Mzee Hamis wa Bagamoyo, aliyekuwa akipita na sinia la chai. Alilitua sinia mezani, akaitupia jicho karatasi, akaanza kuisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma bei sokoni:

"Mimi Mwanamkuu binti Fikirini, balozi, nathibitisha kwamba mtihani wa kisomo nilifanya mimi kwa jina la mwalimu wangu, kwa sababu jina langu liliona haya. Aliyefeli ni mimi. Mtihani wa chuo kafanya yeye, na mimi sijui hata mlango wa kuingilia. Binti huyu hana kosa. Ana ulimi mkali, lakini hilo chuo hakijauliza."

Ndugu Ignasi hakumtazama Bi Mwanamkuu, alimtazama tarishi.

"Hamis, wewe katika orodha ya wafanyakazi umeandikwa hujui kusoma."

"Nimeandikwa, bwana," alisema Mzee Hamis, akachukua sinia lake.

Ndugu Ignasi si mtu wa kushindwa mbele ya foleni. Akamtaka balozi aandike pia kwa herufi za kawaida. Bi Mwanamkuu akaishika kalamu upya, na safari hii vidole vilikaza mpaka kucha zikageuka nyeupe. Akaandika: Mimi ni. Akasimama. Nilijua mkono wake unajua nini cha kufuata hapo, na nilitaka kumwambia aandike tu, hata langu, sina neno. Yeye akavuta pumzi akaandika Mwanamkuu, herufi moja inapanda na nyingine inashuka, ya mwisho ikigonga ukingo wa karatasi. Macho yakanijaa machozi mbele ya umma wa waombaji.

Mwandiko haukufanana. Ndugu Ignasi akakubali kwamba balozi hakufanya mtihani. Lakini barua je, aliiandika nani?

"Nilisema mimi, akaandika yeye, nikatia sahihi mimi," alisema Bi Mwanamkuu. "Kwani mkubwa wako hapa barua zake anaandika mwenyewe?"

Kule pembeni mpiga chapa, msichana aitwaye Josepha, aliacha kupiga chapa.

Sasa mtu angedhani mambo yameisha. Mtu huyo hajafanya kazi ofisini. Ndugu Ignasi alieleza kwamba daftari la kata halifutiki, kwa kuwa takwimu zimeshafika wizarani na wizara imeshajipongeza. Kwa mujibu wa taifa, Candida Anselmi ni hatua ya pili. Akaamua hivi: nianze masomo kwa daraja A, kwa masharti. Jioni nihudhurie kisomo cha watu wazima mpaka nifikie hatua ya tatu, mahudhurio yatiwe sahihi na mwalimu wa darasa. Kabla ya Krismasi nilete barua ya balozi kuthibitisha kwamba nimefuta ujinga. Nisipoileta, nafasi inafutwa.

Kwa hiyo mchana nilikuwa naangalia damu kwenye hadubini, na jioni nilikuwa nasimama barazani Narung'ombe naita majina. Nilipofika langu niliitika mwenyewe, nikajitilia sahihi. Waliofuata waliitika kwa zamu, na wa mwisho, benchi la mbele, bila ungo, alikuwa Mwanamkuu binti Fikirini. Aliitika kwa sauti ya kusikika mpaka Msimbazi. Wiki ya kwanza watu walinong'ona. Wiki ya pili wakaja wazee watatu wapya kujiandikisha, mmoja wao balozi wa mtaa wa pili. Hilo la kuomba radhi nilimwambia jikoni, tukikuna nazi. Akasema mchele ule alikuwa ameshauchambua.

Kata iliitisha mtihani wa marudio mwezi wa Novemba. Swali la mwisho lilisema: mwandikie barua fupi balozi wako. Nikamwandikia kurasa tatu. Matokeo yakatoka: Mwanamkuu binti Fikirini, hatua ya nne. Candida Anselmi, hatua ya tatu, hakufuata maagizo.

"Usihuzunike," aliniambia balozi wangu. "Mwakani nitakufundisha."

Barua ya kuthibitisha alikataa niiandike. Ilimchukua mchana mzima na karatasi tano, mistari minne kwa herufi za Serikali. Asubuhi yake niliipeleka kwa Ndugu Ignasi, siku mbili kabla ya muda kwisha. Aliisoma. Akafungua jalada langu, akaitoa barua ya kwanza, akaziweka sambamba, na nikaona uso wake unachangamka.

"Ndugu Candida, hapa kuna tatizo. Hii imetoka kwa balozi yuleyule?"

"Yuleyule."

"Mwandiko wa barua hii haufanani na wa barua ya kwanza."

Nilimtazama. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimeishiwa nayo mwezi wa saba.

"Ni kweli," nilisema. "Bibi yuko hapo nje kwenye benchi, amekuja na daftari lake. Nimwite aje kuandika?"

Ndugu Ignasi akautazama mlango. Akautazama mhuri. Akaugonga mara mbili, moja ya akiba.